Shoferi Asiyekanyaga Breki

Ukimuuliza Déogratias anafanya kazi gani, hatakwambia kwamba anapanga mikate kwenye trei katika kiwanda kimoja huko Scarborough, Toronto, nchini Kanada, ingawa ndicho anachokifanya siku tano kwa wiki, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Atakwambia yeye ni shoferi. Atakwambia hivyo akiwa bado na kile kinyavu cha kiwandani kichwani, unga umemganda kwenye nyusi. Na kama hujashangaa vya kutosha, atakupeleka Ngomo.

Ngomo ni mlima ulioko kule Kongo, kati ya Bukavu na Uvira. Barabara yake inashuka imejikunja kama utumbo mpaka Kamanyola, na upande mmoja hakuna kitu, ni hewa tu. Déogratias aliushuka mlima huo miaka kumi na tisa na lori la mihogo. Watu wa jengo lake pale Crescent Town wote wameshaushuka pamoja naye. Wameushuka kwenye harusi, wameushuka kwenye matanga, wameushuka wakisubiri lifti na mifuko ya sokoni mikononi.

"Tani kumi," atasema, breki akiziita freni kama kwao Bukavu, "na freni sikugusa. Gia ya pili, gia ya kwanza, injini inashika yenyewe. Mutu wa kukanyaga-kanyaga freni, ule si shoferi. Ule ni abiria amekosea kiti."

Toronto alijinunulia gari ya mwaka 2006, ya kijivu, otomatiki, maana hapa kupata gari ya gia za mkono ni sawa na kutafuta senene dukani. Lakini kwenye lile rungu la gia alikuta namba mbili na herufi L, zile gia nzito za mteremko, akafurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake uwanja wa ndege. Miaka tisa akaendesha na hizo mbili. Kwenye mteremko, namba mbili. Kwenye taa nyekundu, anaiachia gari mbali kabisa, ijikokote yenyewe, nyuma yake watu wanapiga honi mpaka wanachoka. Pedi za breki zilikuwa zile zile gari ilizokuja nazo, na alijivunia hizo kama wazazi wengine wanavyojivunia mtoto aliyesomea udaktari.

Kuna jambo moja ambalo halisimuliwi nyumbani kwake, linajulikana tu. Mtihani wa barabarani Déogratias aliufanya mara nne. Mara tatu za mwanzo mkaguzi aliandika kitu kile kile: hapunguzi mwendo inavyotakiwa. Mke wake Spéciose alipita mara ya kwanza, akaenda zake kazini, leseni akaiweka kwenye pochi na hakuizungumzia tena. Usukani akamwachia mumewe, kwa sababu ana kazi kumi na hakutaka ya kumi na moja.

Sasa mwaka huu kanisa lao likapata gari ya viti vinane, kwa ajili ya wazee na mama wa kwaya. Mchungaji akatangaza kwamba dereva atachaguliwa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano. Wengine walisikia tangazo. Déogratias alisikia jina lake, ingawa hakuna aliyelitaja. Siku ya pili alinunua glavu za ngozi, zile zisizo na vidole, akazivaa mezani wakati wa chakula.

"Unakula na glavu?" Spéciose akamuuliza.

"Nazoeza mikono."

Alikuwa na sababu ya kutumaini. Kila Jumapili ndiye aliyewachukua mama watatu wa kwaya kutoka Crescent Town na kuwavusha ng'ambo ya bonde la Don, kanisani. Kiongozi wao ni Donatienne, mwanamke mpana, mwenye sauti ya pili ya kwaya inayotetemesha vioo, ambaye hukaa mbele bila kuulizwa. Kama Donatienne akisema ndiyo, kwaya inasema ndiyo, na kwaya ikisema ndiyo, mchungaji hana pa kwenda.

Basi Jumapili moja ya mwezi wa nne, Déogratias akateremka nao Pottery Road. Kama huijui, ni mteremko mkali unaoingia bondeni, unavuka reli, halafu unakutana na taa za barabara kubwa. Kwake yeye ile ni Ngomo ndogo, na hushuka pale kama anavyoingia sebuleni kwake. Akaweka namba mbili. Akaweka L. Injini ikalia. Mama wa nyuma wakashika viti, kama kawaida.

Chini taa ikawa nyekundu, na mtu wa baiskeli akawa anavuka. Déogratias akaweka mguu kwenye breki, kwa heshima tu, kama mtu anayegusa kofia. Gari ikaendelea. Akaongeza mguu. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe, na gari ikaendelea kwenda, sasa ikivuta kushoto. Akasimama kwenye pedali kwa mwili wote. Ikaja kusimama nusu yake ikiwa imepita mstari mweupe, na mtu wa baiskeli yuko hapo mbele ya bonneti, mguu mmoja chini, anawatazama kupitia kioo. Alitikisa kichwa, kama daktari, akaenda zake.

Donatienne alifungua mlango taa ikiwa bado nyekundu. Akateremka. Wale wawili wa nyuma wakamfuata, kitabu cha nyimbo kifuani.

"Mama Donatienne, imesimama," Déogratias akasema.

"Imesimama ilipotaka. Tutaonana kanisani, Shoferi. Ukifika."

Na kule kanisani, kama unavyojua makanisa yetu, kuna saa ya ushuhuda. Mtu amepata karatasi zake, anashukuru. Mtoto amefaulu, wanashukuru. Donatienne akasimama, akanyoosha kitenge.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Leo nimeona mukono wa Mungu. Nimeona na mukono wa Papa Joyeuse, na ule wa Papa Joyeuse haukukuwa na nguvu." Watu wakamtazama Déogratias, baba yake Joyeuse, wakaanza kucheka kwa kujificha. "Sitasema mengi. Gari ilikataa kusimama. Shetani alikuwa upande wa chini na baiskeli. Sasa sisi bamama ya kwaya tumesema, ile gari hatupandi tena mpaka tusikie imepona. Na kama gari ya kanisa nayo itaendeshwa hivi, sisi tutachukua basi. Bwana asifiwe."

Déogratias alisema amina pamoja na wengine, kwa sababu asingeisema angeonekana.

Baada ya ibada wanaume wakamzunguka kwenye maegesho. Wakafungua bonneti. Breki ziko kwenye magurudumu, lakini mwanaume wa kanisa letu akisikia gari inaumwa hufungua bonneti kwanza, hata kama ni pancha. Wakasimama kuizunguka injini mikono nyuma, kama watu waliokuja kumwona marehemu.

Aliyetoa hukumu ni Elysée, shemasi, ambaye kazini anaendesha ile mashine ya kunyanyua makasha ghalani, na nyumbani anatazama video za mafundi mpaka mke wake anazima mtandao.

"Ni upepo," Elysée akasema. "Upepo umeingia kwenye mipira ya freni. Tunautoa tu."

Déogratias akaipenda hukumu hiyo papo hapo. Kutu ina mwenyewe, pedi iliyokwisha ina mwenyewe. Upepo hauna mtu. Upepo umeingia tu, hata kwa shoferi wa Ngomo unaweza kuingia.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa nataka wewe useme."

Jioni ile mezani alimweleza binti yake Joyeuse habari yote ya upepo. Joyeuse, ambaye anasikia Kiswahili chote lakini hutoa Kiingereza tu, alimjibu bila kuinua macho kwenye simu kwamba hapa mjini mafundi wapo. Baba yake akasema ndiyo, wapo, na binti anakula na mmoja wao meza moja.

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa ndani na kukanyaga pedali, mwingine analala chini na spana, anafungua kijinati kidogo nyuma ya gurudumu, mafuta ya breki yatoke na upepo utoke. Wanandoa wasijaribu. Jumamosi Déogratias akamtoa Spéciose kitandani, ambaye alikuwa amemaliza wiki nzima ya kunyanyua wazee kwenye nyumba za watu, akamkalisha kwenye usukani kule maegesho ya kanisa. Elysée akashika chupa ya mafuta ya breki na kutoa maelekezo.

"Kanyaga," Déogratias akasema kutoka chini.

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Nashikilia."

"Mbona umeachia?"

"Umesema achia."

"Huyo ni Elysée amesema achia. Usimusikilize Elysée."

"Basi mimi nimesikiliza nani tangu Jumapili?" Spéciose akauliza, lakini akakanyaga.

Walizunguka magurudumu yote manne. Yakatoka mafuta meusi kama kahawa ya juzi. Mapovu hayakutoka, hata moja.

"Umeuona huo upepo?" Spéciose akauliza dirishani.

"Umetoka."

"Nauliza kama umeuona."

"Mama Joyeuse, ni upepo. Utauona namna gani?"

Wakaijaribu gari kuzunguka maegesho. Pedali bado ngumu, gari bado inavuta kushoto, na badala ya kusimama kwenye mstari ikasimama kwa msaada wa pipa la takataka. Wanaume wakalizunguka pipa. Halafu Elysée akasema kwa sauti ya chini, ile ya shemasi, si ile ya fundi, kwamba basi jambo hili si la vyuma.

Akaingia kanisani, akatoka na chupa ya mafuta ya zeituni yaliyoombewa. Alianza na bonneti, alama ndogo, vizuri tu. Lakini Elysée si mtu wa kutoa kidogo, na chupa ilikuwa imejaa. Alipofika gurudumu la mbele kulia alipitisha mkono kwenye matundu ya rimu, akamimina. Aliomba huku anamimina. Déogratias alifumba macho, na hilo ndilo kosa kubwa alilofanya siku ile, maana angekuwa ameyafumbua angeona mafuta yanapokwenda.

Jaribio la pili gari haikusimama hadi kwenye uzio wa mbao wa jirani. Ubao mmoja ukalala.

"Amina," Spéciose akasema. Alikuwa kiti cha nyuma. Akafungua mlango, akashuka.

Njiani kurudi nyumbani, kwa basi, akamwambia mume wake kwamba Jumatatu wanakwenda kwa Moez. Moez ni fundi kule Vaughan, karibu na msikiti wa Wahindi waliotoka Afrika Mashariki, pale Bathurst. Spéciose anamjua kwa sababu siku tatu za wiki yeye ndiye anayemhudumia mama mzazi wa Moez, bibi wa miaka tisini ambaye anasahau kila kitu isipokuwa Kiswahili.

"Muhindi ndiye atanifundisha freni?" Déogratias akasema. "Mimi, mutu wa Ngomo?"

"Moez ni mutu wa Tanga."

"Tanga iko na mulima?"

"Iko na fundi. Na Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao bamama watasimama. Wewe unajua watasema nini."

Hapo Déogratias akageukia dirisha la basi. Alijua watasema nini.

Jumatatu akaipeleka gari Vaughan kwa njia za ndani, mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza, taa za hatari zinawaka kutoka mwanzo mpaka mwisho. Spéciose alikataa kupanda. Alichukua treni ya chini kituo cha Victoria Park, akachukua basi, akachukua basi la pili. Alimwosha bibi, akamnywesha chai, akamsuka misuko miwili, ndipo Déogratias akatokea kwenye karakana ya Moez, jirani na hapo, kitambi kimelowa jasho.

Moez ni mwembamba, miaka sitini na kitu, miwani imefungwa kamba shingoni. Hakufungua bonneti. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaanza kuuliza.

"Bwana Déogratias, karibu. Pedali, ukiikanyaga, inazama au ngumu?"

"Ngumu. Kama jiwe."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Haya. Na mkeo ananiambia mmetoa upepo."

"Tumetoa."

"Upepo ukiingia, pedali inakuwa laini kama godoro. Yako jiwe. Sasa upepo huo mliutoa wapi?"

Déogratias akatazama dari ya karakana. Ilikuwa dari nzuri.

"Inavuta upande gani?"

"Kushoto."

"Basi mbele kushoto inafanya kazi peke yake, na mbele kulia imelala." Moez akasimama, magoti yakalia. "Twende tukaiamshe."

Akapiga jeki, akafungua nati, gurudumu la kulia likatoka. Moez akainama, akanusa. Akashika diski kwa kidole, akakitazama kidole.

"Na hapa nani kakaanga maandazi?"

"Ile… ni mafuta ya shemasi."

Moez akafuta kidole kwa kitambaa. Ni mtu wa adabu. "Sawa. Ibada ya mtu mimi siingilii. Ila mwambie shemasi mara nyingine apake juu, kwenye paa."

Kisha akamwita asogee. Diski ile, ambayo ilitakiwa ing'ae kama sufuria iliyosuguliwa, ilikuwa imeota kutu yote, isipokuwa mduara mmoja mwembamba wa katikati, upana wa kidole. Akatoa pedi mbili. Ya ndani ilikuwa imekwisha mpaka chuma. Ya nje ilikuwa nene, na alama za kiwandani bado unaona.

"Hiyo," Déogratias akasema haraka, na kwa mara ya kwanza siku ile uso ukamchangamka, "hiyo ya nje iko mupya. Miaka tisa."

"Ndiyo ugonjwa wenyewe huo." Moez akakunja vidole kama mtu anayebana karata. "Tazama. Huu mkono wa chuma unabana diski huku na huku. Ili ubane sawasawa, lazima uteleze kwenye pini hizi mbili. Pini zimegandiana na kutu, mkono hautelezi. Upande mmoja unabana, wa pili unatazama tu." Akagonga pini kwa nyundo. Ikagoma. Akagonga tena kwa nguvu, ikagoma vilevile. "Hebu niambie. Wewe unaendeshaje?"

Swali kama hilo Déogratias hajapata kuulizwa na mtu aliye tayari kusikiliza. Akamshusha Moez Ngomo yote. Akamwonyesha gia kwa mkono, kona kwa mabega, tani kumi, mihogo, hewa upande mmoja. Akamaliza na kwamba breki hakugusa kule na hagusi huku. Moez alisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Huku wanamwaga chumvi barabarani miezi mitano," akasema. "Inaingia kila mahali. Kila ukikanyaga breki unafuta kutu kwenye diski, na huo mkono unacheza kwenye pini zake, haugandi. Usipokanyaga, chumvi inafanya kazi yake taratibu. Kule kwenu breki zinakufa kwa kazi. Wewe hizi umeziua kwa kuzipumzisha."

"Basi ni chumvi."

"Chumvi inamwagiwa kila mtu, bwana. Magari ya wenzio yanasimama."

Spéciose alikuwa ameingia muda huo na chupa ya chai aliyopewa na bibi. Alisikia. Hakucheka, na hilo lilimuuma Déogratias kuliko kama angecheka.

Kazi ilichukua mchana wote. Pini zilikubali kutoka baada ya kuchomwa moto na kutukanwa kwa Kigujarati. Mkono wa kulia ulikuwa umeharibika, ukabadilishwa. Diski mpya mbele, pedi mpya mbele na nyuma, pini zikapakwa grisi yake, mafuta ya breki yakamwagwa yote yakawekwa mapya. Katikati Moez alinawa, akaenda kuswali, akarudi. Déogratias alishika taa. Alikuwa amekuja na maneno mengi, lakini kila alipotaka kuanza aliiona ile pedi nene juu ya meza, akaacha.

"Sasa," Moez akasema, akifuta mikono, "pedi mpya lazima zizoeshwe diski. Utaendesha wewe."

Kuna mtaa nyuma ya karakana zile, ghala upande huu, ghala upande ule, hakuna mtu. Moez akakaa mbele, Spéciose nyuma.

"Nenda mpaka hamsini, kisha kanyaga kwa nguvu mpaka kumi. Usisimame kabisa. Mara kumi."

Déogratias akafika hamsini. Na mkono wake wa kulia, bila kumuuliza mwenyewe, ukaenda kwenye gia, namba mbili. Gari ikanguruma.

"Sijasema gia," Moez akasema.

Mara ya pili Moez akaweka kiganja chake juu ya rungu la gia na kukiacha hapo. Mkono wa Déogratias ulikuja, ukakikuta, ukarudi kwenye usukani kwa aibu kama mtu aliyeingia choo chenye mtu. Mguu nao ukagusa pedali kwa ncha za vidole, kama anayepima maji ya kuoga.

"Kanyaga," Spéciose akasema nyuma.

"Nimekanyaga."

"Hujakanyaga. Umebisha hodi."

Mara ya tatu akakanyaga. Gari ikainama mbele kama inasujudu, mikanda ikawashika vifua, chai ikamwagika kwenye mapaja ya Spéciose. Wakabaki wanatembea polepole kati ya maghala. Déogratias alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na anapumua kwa mdomo.

"Inashika," akasema.

"Ndiyo kazi yake," Moez akasema. "Endelea, bado saba."

Hakuendelea. Aliiacha gari ijikokote mpaka kando, akaizima.

"Ile lori," akasema. Alisema kwa kioo cha mbele, si kwa mtu. "Ile lori haikukuwa na freni."

Nyuma Spéciose aliacha kujifuta.

"Ya nyuma zilikufa hata kabla sijaianza. Ya mbele zilikuwa zinashika siku zingine. Bosi alisema atanunua, kila mwezi atanunua. Miaka kumi na tisa. Tulikuwa tunashuka na gia kwa sababu hakukukuwa na kitu kingine cha kushuka nacho."

Miaka ishirini na sita Spéciose ameolewa na mlima ule. Ameusikia na wageni, ameusikia bila wageni, ameusikia akiwa na uchungu wa kuzaa. Lakini kipande hicho hakuwahi kukisikia.

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe ungeolewa na mutu anashuka Ngomo bila freni?"

Akafikiri. "Hapana."

"Basi."

Moez alikuwa ametazama nje muda wote, ghala namba kumi na nne, kama anataka kulinunua. Sasa akagonga dashibodi kwa kidole. "Bwana Déogratias. Bado saba. Zikipoa tutaanza upya."

Akazimaliza zote saba. Kila moja ilikuwa bora kuliko iliyopita, na kwenye ya mwisho Moez alikuwa ameshatoa kiganja chake kwenye gia.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano ikafika. Wakati wa ushuhuda Déogratias akasimama, suti ya bluu, glavu mfukoni. Akasema Bwana asifiwe. Akasema gari imepona, fundi ameifungua, kumbe ilikuwa chumvi, na akaanza kuwaeleza chumvi ya nchi hii, inavyoingia kwenye vyuma, inavyoganda, akaenda nayo dakika sita nzima. Shemasi Elysée alikuwa anatikisa kichwa kukubali, mtu ambaye hajui bado kuhusu maandazi. Spéciose alimtazama mume wake kutoka safu ya tatu. Alimtazama tu.

"Na mimi," Déogratias akasema, na sauti ikapungua. "Sikukuwa nakanyaga. Zilikufa kwa sababu sikukuwa nakanyaga. Sasa nakanyaga."

Kanisa likacheka, kicheko kirefu, cha watu walioteremshwa Ngomo bure miaka yote. Walicheka mpaka mchungaji akakohoa. Ila hakukuwa na mtu aliyeondoka.

Donatienne akasimama.

"Papa Joyeuse, asante. Umesema kweli, na sisi bamama tumefurahi. Mutu amejifunza freni mwezi uliopita, ni mutu wa kupongeza." Akageukia mchungaji. "Lakini sisi sote, na magoti haya, tunataka mutu aliyejifunza zamani. Sisi tunamutaka Mama Joyeuse."

Mchungaji akamtazama Spéciose. Spéciose akafungua pochi, akatoa leseni, akaiinua, kama mtu ambaye alijua siku moja wataiuliza. Funguo zikapita safu kwa safu mpaka kwake. Zilipita mkononi mwa Déogratias, kwa sababu alikuwa amekaa njiani, na akazipitisha. Mchungaji, mtu wa huruma, akamtangaza papo hapo kuwa mkaguzi wa breki za kanisa, cheo ambacho hakikuwepo alipoamka asubuhi.

Wakatoka siku ile ile kwenda kuwarudisha mama nyumbani. Donatienne alikwenda kukaa nyuma, akasema hana tena sababu ya kulinda mbele. Kiti cha mbele kikabaki kwa Déogratias. Spéciose akaingiza gari barabarani, polepole, taa ya kwanza nyekundu ikatokea mbali, naye akaanza kukanyaga mapema, kidogo kidogo, mpaka gari ikasimama hata hujui imesimama saa ngapi.

Taa ikawa kijani. Taa ya pili ikawa nyekundu. Spéciose akatazama chini upande wa mume wake.

"Papa Joyeuse, huo mguu unafanya nini kwenye kapeti?"

"Unasaidia."

"Uondoe."

Sauti ya pili ya Donatienne ikatoka nyuma, nzito, bila haraka. "Muache asaidie, Mama Joyeuse. Hapo hakuna kitu anaweza kuharibu."